Nani ampime mtoto: serikali, shule, bima ya jamii au bima ya kampuni?

Mwaka jana tulikuwa tumesimama kando ya foleni ya malori hapa Busia, upande wa Uganda, mimi na mpwa wangu wa darasa la sita, tukimngoja mtu wa boda boda aliyekwenda kuongeza mafuta. Nikamwambia anisomee namba ya lori lililokuwa ng'ambo ya barabara. Akakunja macho, akanyoosha shingo, akasema, "Mjomba, hilo halina namba." Lilikuwa nayo, tena kubwa. Shule anayosoma ilikuwa imetutoza shilingi 30,000 kila muhula kwa miaka mitatu, mstari wa nne kwenye karatasi ya ada, umeandikwa "Matibabu". Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsimamisha mbele ya chati ya macho hata siku moja.

Tulipokwenda kuuliza, tulijibiwa kwa adabu na kwa ukweli: pesa ile ni ya panadol na dawa ya malaria mtoto akiugua bwenini. Kupima hakumo. Basi kosa nusu ni letu, kwa sababu tulisoma neno moja tukalijaza maana tuliyoitaka.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Jirani ana mtoto anayeingia bweni, shemeji amepewa fomu ya bima kazini, dada wa sokoni anataka kujua kama siku za afya za shuleni zinatosha. Nimeona afadhali niyaandike yote pamoja.

Kwanza tukubaliane tulipo. Misri ina bima ya afya ya wanafunzi kwa sheria tangu 1992. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na bima ya EduAfya kwa wanafunzi wa sekondari za serikali kuanzia 2018, mpaka mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa 2023. Uganda hatujafika huko. Bunge liliupitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, Rais hakuutia saini, na mtoto wa shule hapa hana kadi ya bima ya umma. Alicho nacho ni milango minne: huduma za bure za serikali zinazomfuata shuleni, ada ya matibabu ya shule, bima ya jamii, na bima ya kampuni. Milango mingine iko mbali nawe, mingine ni ghali, na mmoja wazazi wengi wanaupita kila siku bila kubisha.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Gharama: pesa inatoka lini, na mfukoni mwa nani?

Kinachopimwa: mtoto asiyeumwa anaangaliwa nini hasa? Hapa watu huchanganya mambo matatu na kuyafunga kwenye leso moja. Kutibu ni pale mtoto ameshaugua. Kukinga ni chanjo, dawa ya minyoo, vitamini. Kupima ni kumtafuta mgonjwa kati ya watoto wanaoonekana wazima. Yote matatu yanafaa, ila moja halijazi nafasi ya jingine.

Baada ya kugundua: kikionekana kitu, nani anamshika mtoto mkono mpaka hatua inayofuata, na nani analipa?

Karatasi: matokeo yanakaa kwa nani?

Kwangu mimi swali la tatu lina uzito kuliko mengine yote. Kumwambia mzazi mtoto haoni vizuri ni kazi ya dakika mbili. Miwani ndiyo kazi.

Huduma za serikali: shuleni Aprili na Oktoba, kituoni siku nyingine

Gharama. Vituo vya serikali havitozi ada ya matibabu tangu 2001, ukiacha wodi za kulipia hospitalini. Unacholipa ni nauli, daftari la kuandikiwa, na dawa siku ile rafu zikiwa tupu. Hiyo ya mwisho usiidharau. Kuna miezi kituo kina kila kitu, na kuna miezi unapewa kikaratasi uende duka la dawa.

Kinachopimwa. Mlango huu una mengi, tena yasiyofanana. Siku za afya ya mtoto hufanyika Aprili na Oktoba. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A, wa mwaka 1 hadi 14 hupewa dawa ya minyoo, na walioruka chanjo hufidiwa. Wasichana wa miaka 10 wanapata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchi nzima Novemba 2015, na wengi huipata wakiwa darasa la nne. Aliyeacha shule ana haki hiyo hiyo kituoni, jambo ambalo shangazi wengi hawalijui.

Upande wa ziwa kuna dawa ya kichocho. Mpango wa taifa ulianza 2003 na bado shule za mwambao zinatembelewa. Nenda siku hiyo kwenye shule ya huku Majanji uone. Watoto wanakunywa uji kwanza, kwa sababu dawa ile ikikuta tumbo tupu inaleta kichefuchefu. Kisha wanapanga mstari mbele ya ubao mrefu uliochorwa alama, na kila alama inasema idadi ya vidonge kwa kimo hicho. Vidonge ni vikubwa na vichungu. Watoto wa darasa la tano wameshaujua mchezo, wanakunja magoti chini ya sketi ili kimo kishuke wapunguziwe kidonge kimoja. Mwalimu anapita nyuma akigonga mabega: "Nyooka! Nyooka wewe!"

Sasa angalia vizuri: pale hakuna aliyepimwa. Kila mtoto amepewa dawa kwa kimo chake, awe na kichocho au asiwe nacho. Si uzembe. Kupima choo cha mtoto mmoja mmoja kwa darubini ni ghali kuliko kidonge chenyewe, kwa hiyo penye ugonjwa mwingi wanatibiwa wote. Lakini mzazi akisema "mtoto wangu alipimwa shuleni Oktoba", mara nyingi ukweli ni kwamba alimeza dawa Oktoba. Macho, masikio na meno hayakuguswa.

Kupima kwenyewe kupo, ila ukifuate. Mhudumu wa afya wa kijiji, VHT wako, ana utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Kituo cha afya daraja la tatu kinapima uzito, malaria na wekundu wa damu. Seli mundu, wengi tunaiita siko seli, hupimwa kwa matone ya damu yanayokaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kuu ya taifa Kampala. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wamebeba kinasaba cha ugonjwa huo na asilimia 0.7 wanao ugonjwa wenyewe, na kaskazini na mashariki ni kati ya sehemu zenye mzigo mkubwa. Huku kwetu, basi, swali la siko seli si la watu wengine.

Baada ya kugundua. Ngazi ipo: kijiji, daraja la pili, la tatu, la nne, hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa, ambayo kwetu ni Mbale. Ni mlango pekee wenye ngazi ndefu hivyo bila ada. Lakini anayempandisha mtoto ni wewe. Ukipewa karatasi ya rufaa ukaikunja mfukoni, hakuna atakayekupigia simu. Miwani, kifaa cha kusikia, nauli ya Mbale, vyote vyako.

Karatasi. Kadi ya chanjo na lile daftari la kurasa 48 unalonunua getini. Wengine wanalicheka, mimi nalisifu. Ni kumbukumbu pekee ya afya ya mtoto inayokaa nyumbani kwako, na inasomeka na musawo, yaani mhudumu wa afya, wa Busia sawa na wa Gulu. Kadi nayo usiipoteze: sheria ya chanjo ya 2017 inaitaka mtoto anapoandikishwa chekechea au shule ya msingi.

Inamfaa: kila mtoto, hata wa mwenye bima, kwa upande wa chanjo na dawa za kukinga. Kwa upande wa kupima, inamfaa mzazi anayeweza kupoteza asubuhi nzima ya siku ya kazi na asiyechoka kuuliza.

Ada ya matibabu ya shule

Gharama. Inalipwa mwanzo wa muhula ndani ya ada, pamoja na rimu ya karatasi na ufagio. Huikwepi, kwa hiyo heri ujue inanunua nini.

Kinachopimwa. Inategemea shule, na tofauti ni kubwa ajabu. Kuna shule zenye muuguzi wa kudumu, kitabu cha wagonjwa kinachoandikwa kila siku, na daktari wa meno anayekuja mara moja kwa mwaka. Kuna nyingine ambako chumba cha wagonjwa ni kitanda kimoja na metroni mwenye funguo za kabati la dawa. Zote mbili karatasi ya ada inasema "Matibabu".

Halafu kuna ile fomu ya daktari ya kuingilia bweni. Kwa jina, hicho ndicho kipimo kamili kuliko vyote anavyopata mtoto wa Uganda: macho, masikio, moyo, kifua, ngozi, mzio, magonjwa ya ukoo. Nilimpeleka binti wa kaka yangu kwenye kliniki moja ya mjini, naye alikuwa anaanza sekondari. Kijana wa mapokezi akachukua fomu, akauliza, "Ana tatizo lolote?" Nikasema sijui, ndiyo maana tumekuja. Akaweka alama ya sawa kuanzia juu mpaka chini kwa mkono mmoja, mhuri ukapigwa, tukalipa. Binti hakuinuka hata kwenye benchi. Nilirudi siku ya pili, kwenye kliniki nyingine, na fomu mpya niliyoitoa kopi. Daktari akatumia nusu saa, na ndipo tukajua sikio la kushoto lina nta iliyoziba kabisa. Kitu kidogo, kimetolewa kwa maji ya uvuguvugu, na mtoto alikuwa ameitwa mkaidi muhula mzima.

Nitasema basi, na mwenye kukasirika akasirike: fomu ile ikijazwa kwa uaminifu inashinda bima nyingi. Ikijazwa kwa mhuri ni karatasi ya kufungia maandazi.

Baada ya kugundua. Shule nzuri inakupigia simu siku hiyo hiyo. Lakini ada ya muhula haitalipia matibabu makubwa, na mara nyingi hata kipimo cha nje ya shule unalipa mwenyewe. Faida yake kubwa ni ukaribu. Muuguzi anayemwona mtoto kila siku anajua nani anakohoa wiki ya tatu sasa.

Karatasi. Inabaki ofisini. Hapa uwe mkali. Uliza nani anaisoma, na omba kopi. Habari za damu ya mtoto hazifai kulala wazi juu ya meza ya karani. Na mtoto akihama shule, faili halihami naye.

Inamfaa: mtoto wa bweni, ambaye siku karibu 90 za muhula mikono yako haimfikii, mradi umeshauliza maswali yako mbele ya muuguzi mwenyewe. Mwalimu mkuu atakujibu kwa matumaini, muuguzi atakujibu kwa kitabu.

Bima ya jamii

Gharama. Familia inalipa kiasi kidogo kwa kipindi, na kila ukienda hospitali unachangia tena kidogo. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Hospitali ya Kisiizi, kusini-magharibi, ulioanza 1996. Waliujenga juu ya kitu kilichokuwepo: engozi, vyama vya wanakijiji vya kubeba wagonjwa kwa machela kuteremka milima. Watu walikuwa tayari wanachangishana na kuaminiana, ikabaki kuandika majina. Ndiyo maana unaingia kwa kikundi, si peke yako, na kikundi hakiruhusiwi kuleta wagonjwa wake tu na kuwaacha wazima nyumbani. Mfuko ungekufa ndani ya mwaka.

Kinachopimwa. Kimsingi mfuko huu ni wa kutibu. Ila hospitali inayolipwa kiasi kile kile mtoto augue asiugue ina sababu yake ya kutaka asiugue, na hospitali za misheni zina desturi ya kutoka kwenda vijijini. Uliza mfuko wako: ziara hizo zinafika shule ya kwetu? Zinaangalia macho?

Baada ya kugundua. Hapa ndipo ubora wake. Mtoto akionekana na tatizo, mlango wa hospitali ile ile uko wazi na bei unaijua kabla hujaondoka nyumbani. Mpaka wake ni kuta za hospitali hiyo. Magonjwa ya kudumu mara nyingi yana masharti yake, kwa hiyo mwenye mtoto wa siko seli au kifafa asome karatasi mpaka mwisho.

Karatasi. Faili liko hospitalini, na kwa kuwa unarudi pale pale kila mara, linakua mwaka hadi mwaka.

Inamfaa: familia ya mkulima yenye watoto wengi, inayoishi karibu na hospitali yenye mfuko, na yenye kikundi cha kweli, kiwe cha mazishi, cha akiba au cha kahawa. Anayehamahama kwa kazi haimfai.

Bima ya kampuni

Gharama. Unalipa kwa mwaka mzima mapema, au mwajiri anakulipia, au shule inaandikisha wanafunzi wote kwa pamoja na kuongeza kwenye ada. Njia hiyo ya tatu ndiyo inayokaribia zaidi bima ya shule kama wanavyoijua Misri, ila si ya umma. Ukishindwa ada, bima nayo imekwenda.

Kinachopimwa. Soma mkataba. Mingi imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa: malaria, ajali, kulazwa. Macho na meno huwa kwenye fungu lake lenye ukomo wake, na mara nyingi fungu hilo unalinunua peke yake. Swali la kumuuliza wakala ni moja tu: "Mtoto wangu haumwi. Nikimpeleka leo apimwe macho na damu, kadi italipa?" Akianza kukueleza habari za ajali za barabarani, umeshajibiwa.

Baada ya kugundua. Mkataba ukiwa mzuri, hakuna mlango ulio mwepesi kuliko huu. Unapewa daktari bingwa wiki hiyo hiyo, na miwani inatoka ndani ya fungu. Ukiwa mbaya, ugonjwa uliogunduliwa unageuka "ulikuwepo kabla" na unawekewa muda wa kungoja. Tena kliniki zinazopokea kadi zimejaa Kampala na miji mikubwa. Ukiwa kijijini Namayingo, hesabu nauli kabla ya kuhesabu faida.

Karatasi. Iko kwenye kompyuta ya kliniki. Omba nakala uibandike kwenye lile daftari la kurasa 48.

Inamfaa: mfanyakazi wa mjini ambaye mwajiri analipa, na shule ambayo bodi yake imekaa chini na kusoma mkataba kifungu kwa kifungu kabla ya kuwachangisha wazazi.

Kwa hali yako

Kama mtoto ni wa shule ya kutwa ya serikali na pesa ni za kuhesabu, usikimbilie bima ya kuungaunga. Tumia Aprili na Oktoba kwa ukamilifu, kisha mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, mpeleke mwenyewe kituo cha daraja la tatu au la nne ukiwa na orodha: uzito na kimo, damu, meno, masikio, macho. Macho unaweza hata kuyaanza nyumbani. Andika herufi E kubwa kwa wino mzito, zikielekea pande tofauti, kubwa juu na ndogo chini, bandika ukutani, mtoto akae mbali, afunike jicho moja kwa kiganja na aonyeshe kwa vidole E inaelekea wapi. Si kipimo cha daktari, ila jicho lililolala litajitaja.

Kama mnaishi mwambao, mtoto asikose siku ya ubao wa vidonge. Na hata akiwa amemeza, tumbo likivimba au choo kikitoka na damu, nenda ukapimwe, usingoje mwaka ujao.

Kama kwenye ukoo kuna siko seli, au mtoto anapata manjano machoni na maumivu ya mifupa yanayorudi, kipimo hicho kitangulie mengine yote, na kifanyike serikalini. Matokeo ukiwa nayo mkononi ndipo uongee na wakala wa bima, na umwambie ukweli. Anayeficha hugundulika siku ya kulazwa, ambayo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kugundulika.

Kama mwajiri anakupa kadi, ichukue, lakini endelea na chanjo na dawa za serikali. Hazigombani.

Kama uko kwenye bodi ya wazazi na kuna mjadala wa kuongeza ada ya bima, jaribuni kwanza kuuliza ofisi ya afya ya wilaya kama mhudumu wa macho anaweza kuja siku moja kwa mwaka. Nauli yake na chakula cha mchana ni pesa ambayo wazazi wa darasa moja wanaweza kuichanga.

Na kama mtoto anaingia bweni Jumatatu, leo ni siku ya fomu. Mpeleke mwenyewe, simama pale, hakikisha anavua shati na anasoma chati. Mpwa wangu alivikwa miwani Mbale mchana, na njia nzima ya kurudi alinisomea namba za magari mpaka tulipofika Tororo nikamwomba apumzike. Sasa kopi ya matokeo yake iko kwa metroni, ndani ya bahasha iliyofungwa. Daftari lenyewe liko kabatini kwangu, chini ya kadi ya chanjo.